Mkalimani wa Mpiga Tarumbeta

Fundi bomba alikuwa amekwisha kufungua kila kilichofunguka. Bafu la nyumba ile lilikuwa dogo, la mtu mmoja na ndoo yake, na sasa sakafu yote ilijaa spana, nati na vipande vya mabomba, naye amechuchumaa katikati ametega sikio. Bomba lilikuwa kimya. Maji yalishuka taratibu bila manung'uniko yoyote.

"Mama, hapa hakuna kitu," akasema mwishowe.

"Kipo," akajibu Mama Sindano kutoka mlangoni. Mkononi alishika sketi ya sare ya shule aliyokuwa akiikunja pindo, na sindano ameibana midomoni, hivyo maneno yalitoka nusunusu ingawa ukali wake ulikuwa kamili. "Kila asubuhi nikikaa tu kwenye cherehani, linaguna. Linaanza chini, pwooo, halafu linapanda. Jana lilipanda mpaka nikafikiri litapasua ukuta."

"Labda ni hewa imenaswa ndani."

"Basi itoe."

Kwenye benchi la ukumbini alikaa mumewe, akiangalia vidole vya miguu yake kwa makini sana. Mtaa mzima ulimwita Pumzi. Jina hilo alipewa na wenzake wa bendi ya matarumbeta, kwa kuwa zamani aliweza kushika sauti moja tangu maharusi wanashuka garini hadi wanaketi ukumbini, bila kuivunja. Siku za kazi alikuwa makanika, na ni huko gereji ndiko rejeta ya lori ilikomrushia maji ya moto usoni. Hospitali ilimpandikiza ngozi kidevuni na shavuni, kisha ikamrudisha chumba cha upasuaji kuupanua mdomo uliokuwa umejikunja ukabaki kitundu. Alipona. Lakini kwa muda mrefu herufi zinazotaka midomo ikutane, b na m na p, zilimshinda, na mkewe akawa mkalimani wake. Sokoni, hospitalini, kwa mwenye nyumba, hata mbele ya mama aliyemzaa: Pumzi akifungua mdomo, Mama Sindano ameshamaliza sentensi.

"Mzee anaonaje?" fundi bomba akamuuliza Mama Sindano, na huku Pumzi yuko karibu naye kiasi cha kuguswa.

"Anasema ukaze kila kitu upya," akajibu mke.

Pumzi hakuwa amesema lolote. Alijipapasa mfuko wa suruali kuhakikisha kitu fulani bado kimo, halafu akarudi kwenye vidole vyake.

Mama yake mzazi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa, alikuwa akichambua maharage kwenye ungo huku mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokizuia. "Kimya kingi kina mshindo mkubwa," akasema. Hakuna aliyemuuliza ana maana gani. Bi Mkubwa alitoa methali kama watu wengine wanavyokohoa, na nyumba ilikwisha kuzoea.

Fundi bomba akakaza kila kitu upya, akakusanya spana zake. "Bomba lenu ni zima, Mama. Likiguna tena, mwiteni mtu wa maombi. Mimi utaalamu wangu umeishia hapa."

Alikuwa bado anavuka kizingiti simu ilipolia. Sauti ya mwanamke ilijitambulisha kuwa ni muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji wa kurekebisha maumbile, akaomba kuzungumza na Pumzi, akimtaja kwa majina yake yote matatu.

"Sema nami," akajibu Mama Sindano. "Mimi ndiye mdomo wake."

Muuguzi akaeleza. Fedha za utafiti ni chache na mambo yasiyojulikana katika upasuaji huo ni mengi mno, na siku zote madaktari ndio waliochagua peke yao lipi lichunguzwe kwanza. Safari hii walikuwa wamekusanya maswali kwa kila mtu: wagonjwa, ndugu zao, wauguzi, madaktari. Yaliyokwisha kupata majibu yalitolewa. Yaliyobaki yangewekwa mezani, na watu wa kila aina wakae pamoja wachague kumi ya kutangulia.

"Tutakuja," akasema Mama Sindano bila kumgeukia mumewe. "Na la kwanza ninalo tayari."

Kila mtu pale nyumbani alilijua la kwanza lake. Wiki iliyofuata Pumzi alikuwa amepangiwa upasuaji wa tatu, wa kulisawazisha kovu la shavuni. Aliyeuomba ni Mama Sindano. Aliyekubaliana na daktari ni Mama Sindano. Pumzi alitikisa kichwa tu, na katika nyumba ile kichwa cha Pumzi kikitikisika kilihesabiwa kuwa kimesema chochote ambacho mkewe alitaka kusikia. Usidhani alikuwa mwanamke mbaya. Alimpenda mtu wake kwa moyo wote, na penzi lake halikujua kukaa kitako. Katika harusi ya mwisho waliyokwenda pamoja, mpiga picha alipofika kwenye meza yao, Pumzi aligeuka akatazama ukuta. Tangu siku hiyo hakutaka tena kutoka. Mama Sindano akaamua kwamba kovu ndilo lililomwibia mume, na mwizi dawa yake ni kuondolewa.

"Upasuaji wa plastiki," akasema Bi Mkubwa simu ilipokatwa. "Ndivyo majirani wanavyouita. Yaani mwanangu ametiwa plastiki usoni?"

"Si plastiki hiyo, Mama. Ni ngozi yake mwenyewe, waliitoa pajani."

"Mnaniambia leo. Na mimi muda wote huu namkataza asikae karibu na jiko."

Pumzi akacheka. Lilikuwa cheko fupi la puani, na hakuna aliyelitafsiri.

Mkutano ulifanyika wiki ileile katika bwalo la chakula la wafanyakazi wa hospitali. Meza zilikuwa zimesogezwa mbalimbali, na juu ya kila moja kulikuwa na kadi ngumu, kila kadi na swali lake kwa herufi kubwa. Muuguzi mkuu, mwanamke mfupi aliyetembea na kengele ndogo mkononi, alieleza kazi. Kila meza ipange kadi zake kwa mstari: la muhimu zaidi juu, linaloweza kusubiri chini. Wabishane wanavyotaka, ila kila mmoja asikilizwe.

"Na sharti moja," akasema. "Mgonjwa na ndugu yake hawakai meza moja."

Mama Sindano alikuwa ameshavuta viti viwili. "Haiwezekani, sista. Huyu bila mimi hasikiki."

"Tutamsikia."

"Hamtamwelewa."

"Basi tutamuuliza tena mpaka tumwelewe, mama. Tuna siku nzima."

Watu wa meza za jirani waligeuka. Mtu mmoja alicheka, na Mama Sindano akahisi masikio yanamwaka. Kilichomuuma zaidi hakikuwa kicheko. Ni jinsi Pumzi alivyoondoka kwenda kwenye meza aliyoonyeshwa: hakuburuta miguu hata kidogo.

Kwenye meza yake Mama Sindano alikuta watu watatu. Wa kwanza alikuwa mchinjaji, aliyezibiwa kidonda cha mguuni kwa nyama ya mgongo wake mwenyewe. "Kipande cha mgongo kimehamia muundini," akajitambulisha. "Na mimi kwenye kazi yangu najua kipande hicho kinavyogombaniwa." Wa pili alikuwa msichana wa dukani, mwenye kovu lililotoka pembe ya jicho hadi sikioni. Wa tatu alikuwa daktari bingwa, yuleyule aliyempasua Pumzi, leo amevaa shati la maua na anaonekana mdogo zaidi.

Daktari bingwa naye alikuwa na kadi yake moyoni. Ilihusu uzi: ni aina gani ya uzi wa kushonea inaacha alama ndogo zaidi kwenye ngozi. Mchinjaji aliisukuma hadi mwisho wa mstari kwa kidole kimoja.

"Uzi ni uzi," akasema.

"Nani kakwambia uzi ni uzi?" Mama Sindano alisahau hasira zake zote. "Nikikushonea suruali kwa uzi mbovu, ukiinama mara moja tu mtaa mzima utajua ulichovaa ndani. Rudisha kadi ya watu."

Daktari bingwa alimtazama kama mtu aliyempata ndugu yake aliyepotea. "Tangu asubuhi," akasema, "namtafuta mtu mmoja tu wa kusema hivyo."

Kadi ya uzi ikapanda hadi katikati. Ndipo Mama Sindano akachukua aliyoijia: *Kovu la usoni lifanyweje lisionekane sana?* Akawaeleza habari za mumewe, jinsi alivyogeukia ukuta, jinsi nyumba ilivyomgeuka gereza, jinsi yeye alivyokuwa mkalimani wake mpaka watu wakamsahau mwenye maneno. Aliyasema hayo bila kujua uzito wa la mwisho. Sauti yake ilikatika mahali, na mchinjaji akajifanya anatafuta leso mfukoni.

"Mimi naiunga mkono," akasema msichana wa dukani. "Wateja wangu wananipa hela huku wanaliangalia shavu. Siku moja bibi mmoja aliniachia chenji yote kwa huruma. Sikuitaka ile huruma, nilitaka aondoke na sabuni yake kama watu wengine."

Kadi ya kovu ikakaa juu kabisa, na hakuna aliyeipinga.

Upande wa pili wa bwalo, kwenye meza ya Pumzi, mambo yalianza kwa aibu. Aliyekuwa akiongoza pale ni mwalimu wa hesabu, ambaye vidole vyake viliungua vikashikana na sasa vilikuwa vimetenganishwa. Mkabala naye alikaa mama wa mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, na pembeni muuguzi kijana wa wodini. Mwalimu alimgeukia Pumzi. "Na wewe bwana, unasemaje?"

Kwa mazoea Pumzi akageuza uso kushoto, mahali mkewe husimama. Pale palikuwa na jagi la maji. Jagi halikusema kitu. Meza nzima ikaliangalia, kisha ikamwangalia yeye, na wa kwanza kucheka alikuwa Pumzi mwenyewe.

"Samahani," akasema. "Nimezoea kujibiwa."

Maneno yalitoka polepole. Kwenye m aliibana midomo kwa makusudi, kama mtu anayefunga kifungo kigumu, kisha akaendelea. Muuguzi kijana akashangaa. "Mbona unaongea vizuri? Kwenye faili tumeandika mgonjwa husemewa na mke."

"Naongea siku nyingi. Hakuna anayeuliza."

"Umefanyaje? Yale mazoezi ya kijiti tuliyokupa?"

"Kijiti nilikitupa." Pumzi akatia mkono mfukoni, akatoa kipande kidogo cha shaba, kile kinachochomekwa mwanzoni mwa tarumbeta mahali pa kuweka midomo. Akakiweka juu ya kadi. "Kila asubuhi mke wangu akikaa kwenye cherehani, najifungia bafuni napuliza hiki. Mwanzoni hewa ilikuwa inavuja pembeni tu. Sasa inatoka sauti."

"Na mkeo anasemaje?"

Pumzi akashusha pumzi ndefu. "Ameita fundi bomba."

Walichukua muda kuelewa. Mwalimu ndiye aliyeelewa kwanza, akainamisha paji la uso mezani. Mama wa mtoto alijifunika mtandio. Kelele zao zilimleta muuguzi mkuu na kengele yake, naye alipoelezwa alilazimika kuishika kengele kwa mikono miwili isilie.

Kicheko kilipotulia, Pumzi alikuwa ameshika kadi moja iliyokuwa chini kabisa, ambayo kila mtu aliipita. *Mgonjwa asaidiweje kuamua kama aendelee na upasuaji mwingine au aridhike na hapo alipofika?* Aliisoma mara ya pili, midomo ikifuatisha.

"Wiki ijayo napasuliwa tena," akasema. "Hili shavu. Ngozi ikivutwa, midomo itakaza tena, nianze upya na kitundu kile. Mimi siutaki. Lakini anayeutaka ananipenda. Adui ukimkatalia ni rahisi. Sasa anayekupenda unamkataliaje?"

Mwalimu aliichukua ile kadi kwa vidole vyake vilivyonyooka nusu, akaipandisha ngazi kwa ngazi mpaka juu.

"Na ulipoacha kutoka nje?" akauliza mama wa mtoto kwa upole. "Si kwa sababu ya kovu?"

"Kovu nimelizoea. Niliacha kwa sababu nikitoka, watu wanamsalimia mke wangu kwa niaba yangu."

Kila meza ilitoa msemaji wa kueleza kadi zake. Mwalimu wa hesabu alisimama na sauti ya mtu aliyezoea wanafunzi wa nyuma wasiosikiliza. Hakutaja jina la mtu, kwani alikuwa muungwana, lakini uungwana wake ulikuwa na tundu. Kuonyesha kwamba mgonjwa hujua mengi kuhusu mwili wake ambayo hospitali haijui, alisimulia habari za mwenzao mmoja anayepuliza kipande cha tarumbeta bafuni, ambaye nyumbani kwake wameita fundi bomba.

Bwalo zima lilicheka. Mama Sindano alicheka pamoja nao, mpaka katikati ya kicheko. Pwooo. Linaanza chini, halafu linapanda. Mdomo wake ukabaki wazi.

"Mwenzetu huyo," akaendelea mwalimu, "ametuambia kwamba hakuacha kutoka nyumbani kwa sababu ya kovu. Aliacha kwa sababu akitoka, watu humsalimia mkewe kwa niaba yake. Kwa hiyo meza yetu, swali la kovu tumeliweka mwisho, na la kuamua tumeliweka mwanzo."

Mchinjaji aliacha kucheka. Msichana wa dukani akaacha. Wote wawili walikuwa wamemsikia Mama Sindano asubuhi ileile akijisifu kuwa mkalimani, na sasa walimwangalia kwa namna ambayo msichana alikwisha kuieleza: kwa huruma. Daktari bingwa, kwa wema wake, akamsogezea glasi ya maji. Mama Sindano alitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu ya bwalo ilikuwa ya saruji nzuri.

Kengele ya chai ilimwokoa. Akamkuta Pumzi kwenye korido, karibu na sinki la kunawia mikono, kikombe cha chai mkononi na hajakinywa.

"Bomba," akasema Mama Sindano.

"Mm."

"Nimeliitia fundi. Kafungua bafu zima."

"Nilimwona."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa umeshanijibia."

Alitaka kukasirika, na sababu alikuwa nazo, kwani kuchekwa na bwalo zima si jambo dogo. Lakini hasira haikuja. Kilichokuja ni hofu ya kweli, kwamba ameishi na mtu huyu nyumba moja akimsemea maneno ambayo si yake, na kumbe mwenyewe alikuwa pembeni anasubiri zamu. Machozi yakamtoka pale pale, mbele ya watu waliokuja kunawa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza mara nyingi. Ukawa unamalizia wewe." Pumzi akatafuta maneno, na kwa mara ya kwanza akapewa nafasi ya kuyatafuta. "Na ulikuwa unamalizia vizuri kuliko mimi. Hiyo ndiyo shida. Mtu anakupa sentensi nzuri, unaona aibu kuikataa."

"Na kwenye ile harusi? Ulivyogeukia ukuta, picha ilipokuja? Niliona kwa macho yangu."

"Picha gani? Mimi hata sikumwona huyo mpiga picha." Pumzi akatabasamu, tabasamu la upande mmoja, kwa kuwa ule mwingine ulikuwa bado mgumu. "Nilikuwa namsikiliza yule aliyechukua nafasi yangu kwenye bendi. Alikuwa anapatia, mke wangu. Anapatia kabisa. Niligeuka nisionekane na wivu."

Mama Sindano akamtazama. Kisha kicheko kikaja juu ya machozi, vyote viwili kwa pamoja, akalazimika kushika sinki. "Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema alipopata pumzi. "Mimi nakilalia kila siku, na bado sikuwajua."

"Hawakuwa wengi," akasema Pumzi.

Mchana kadi zote ziliwekwa kwenye meza moja ndefu, na kila mtu akasimama kuizunguka. Zilibaki nafasi chache. Mama Sindano, aliyekuwa sasa na toba kuliko inavyohitajika, alinyoosha mkono kuiondoa kadi ya kovu mwenyewe. Mkono wa Pumzi ukaushika wa kwake.

"Iacheni," akasema, na watu waliokuwa upande wa mbali wakanyamaza ili wamsikie. "Si yangu. Lakini ni yake." Akamwonyesha msichana wa dukani. "Mimi napuliza kwa midomo. Yeye anafanya kazi kwa uso, mbele ya watu, mchana kutwa. Kwa nini swali lake life kwa sababu mimi nalo sina?"

Msichana aliinua mkono akazisogeza nyuma ya sikio nywele zilizokuwa zimelifunika kovu tangu asubuhi, labda bila kujua amefanya hivyo.

Kadi ya kovu ikabaki katika kumi. Ya kuamua ikabaki pia, na kando yake wakaweka ile iliyouliza upasuaji upimwe kwa lipi hata useme umefanikiwa. Kadi ya uzi ilipigana sana, Mama Sindano akiitetea kwa ukali uliowachosha hata madaktari, lakini ilianguka hatua moja kabla ya mstari.

"Uzi wangu umekatika," akasema daktari bingwa kwa huzuni.

"Usijali, daktari. Safari ijayo tunaufunga fundo."

Daktari bingwa alicheka, akampa mkono. Halafu, watu wakiwa wameanza kukusanya mikoba, akakumbuka kazi. "Sasa mama, kuhusu wiki ijayo. Tunaendelea kama tulivyopanga?"

Swali hilo lilielekezwa kwa Mama Sindano, kama yalivyokuwa maswali yote. Na Mama Sindano alikuwa na jibu, tayari limekwisha kupangwa ulimini, jibu zuri lenye mwanzo na mwisho, na safari hii lilikuwa hata jibu sahihi. Akalimeza. Haikuwa rahisi.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Mdomo anao."

Daktari bingwa akageuka. Pumzi akasimama wima.

"Hapana, daktari. Si sasa."

"Kuna sababu?"

"Wewe kila nikija unanipima kwa rula, mdomo unafunguka kiasi gani. Unafunguka, nashukuru, nakula kama watu. Lakini mimi nataka ufunge. Tarumbeta halipigwi kwa mdomo ulio wazi. Hata jina la mama yangu siliiti kwa mdomo ulio wazi."

Daktari bingwa aliitoa rula mfukoni, kwani aliibeba hata akiwa na shati la maua, akaiangalia pande zote mbili. Hakuona aibu, aliona kazi. "Kufunga hatujawahi kukupima," akasema taratibu. "Njoo wiki ijayo hivyo hivyo. Nafasi yako ipo. Badala ya kukupasua, uje na tarumbeta."

Jumamosi asubuhi Mama Sindano alitoa cherehani uani, akakalia kigoda chake, na Pumzi akatoka na tarumbeta zima, limefutwa vumbi likang'aa. Bi Mkubwa aliburuta kiti chake mahali pa mbele na ungo wake wa maharage, kama aliyelipia.

Sauti ilikuwa mbaya, tusidanganyane. Ilianza chini, ikapanda, ikateleza, ikaanguka, ikajaribu tena. Kuku walihama ua. Watoto wa jirani walipanda ukutani kutazama, na mmoja akaziba masikio kwa heshima, akitabasamu. Pumzi hakujali. Alipuliza, akapumzika, akajipangusa midomo, akapuliza, na kila mara sauti ilikaa kidogo zaidi kabla ya kukatika. Mama Sindano alishona pindo moja mara mbili bila kujua.

Ndipo baiskeli ikafunga breki barabarani. Fundi bomba aliingia uani mbio na mkoba wake wa spana, amechangamka, kwa kuwa hakuna fundi anayependa kushindwa na kazi.

"Nimelisikia, Mama. Nilikuwa napita tu. Safari hii nimelisikia kwa masikio yangu. Liko upande gani?"

Mama Sindano alikuwa na sindano midomoni. Angeweza kuitoa. Aliiacha papo hapo, akainua kidevu tu kumwelekeza kwa mumewe.

Fundi bomba akageuka. Pumzi alishusha tarumbeta, akalamba midomo. Alichukua muda wake, kwani maneno aliyoyataka yote yalikuwa ya kufunga mdomo. Bi Mkubwa aliacha kuchambua maharage. Hakuna aliyemsaidia.

"Bomba ni mimi," akasema.